William Herschel: Mwanamuziki aliyekimbia vita na kuitambua barafu ya Mirihi

Karibu karne mbili kabla ya chombo chochote kutua juu ya Mirihi, mpiga zumari wa zamani wa jeshi la Hanover alitazama weupe kwenye ncha za sayari hiyo na kutamka kwamba ni barafu. Hakuwa na njia ya kulithibitisha neno lake. Njia hiyo aliigundua mwenyewe miaka 16 baadaye, akiwa katika kazi nyingine kabisa, na akafariki dunia bila kujua kwamba alikuwa ameushika mkononi ufunguo wa swali lake.

Watu wa mwambao, kuanzia mdomo wa Mto Ruvuma hadi Palma, Mocímboa da Praia na kisiwa cha Ibo, wanaijua Mirihi tangu zamani. Ni miongoni mwa sayari tano zionekanazo kwa macho matupu, pamoja na Utaridi, Zuhura, Mushtari na Zohali. Majina hayo yalitufikia pamoja na elimu ya falaki iliyovuka bahari na majahazi. Mirihi hutambulikana kwa wekundu wake. Lakini hakuna nahodha, hata awe na macho makali namna gani, aliyewahi kuona kwamba ncha zote mbili za sayari hiyo nyekundu zimevikwa kofia nyeupe. Kwa hilo pahitajika darubini.

Na hata mwenye darubini hana budi kujiuliza weupe ule ni wa nini. Baharia anajua jinsi weupe unavyohadaa. Kinachong'aa kwa mbali chaweza kuwa fungu la mchanga lililotokeza maji yalipokupwa, chaweza kuwa povu la wimbi linalovunjika mwambani, au tanga la mvuvi mwenzake. Mtu mwenye busara hungoja, akatazama kama weupe huo umetulia, unasogea au unapungua, ndipo akaamua. Hivyo ndivyo Herschel alivyoitendea Mirihi, kwa miaka ipatayo sita.

Mtoto wa bendi ya jeshi

Friedrich Wilhelm Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 mjini Hanover, ambao leo ni mji wa Ujerumani. Baba yake, Isaak, alikuwa mpigaji wa obo, yaani zumari ya Kizungu, katika bendi ya kikosi cha walinzi. Mama yake, Anna Ilse, hakujua kusoma. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na fedha chache, lakini haikukosa muziki wala mazungumzo ya elimu. Dada mtu, Caroline, alikumbuka hadi uzeeni usiku wa baridi ambao baba yao alimtoa barabarani kumwonyesha nyota.

Akiwa na umri wa miaka 14 Wilhelm aliingia katika bendi aliyoitumikia baba yake. Mwaka 1756 kikosi kilipelekwa Uingereza kwa miezi kadhaa, maana mfalme wa Uingereza ndiye aliyekuwa pia mtawala wa Hanover. Kijana huyo alijifunza Kiingereza, na akiba yake ndogo akanunulia kitabu cha mwanafalsafa John Locke. Kisha vita vikamfuata nyumbani. Tarehe 26 Julai 1757 majeshi ya Ufaransa yaliwashinda watu wa Hanover na washirika wao karibu na kijiji cha Hastenbeck, na mji wenyewe ukakaliwa na adui. Isaak aliona kwamba mtoto wa bendi hana ngao wala faida katika mapigano kama yale, akamhimiza aondoke. Kabla mwaka haujaisha Wilhelm na kaka yake Jakob walikuwa wamefika Uingereza, wakitafuta riziki.

Wasomaji wetu wa Cabo Delgado, ambako vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017 vimewahamisha mamia ya maelfu ya watu, hawahitaji kuelezwa maana ya kuanza upya katika mji wa watu kwa lugha ya watu. Herschel alianza kwa kunakili noti za muziki kwa malipo. Baadaye alifundisha, akaongoza vikundi vya wapigaji, akatunga simfonia 24, na jina lake likageuka kuwa William. Mwaka 1766 alipata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa dogo la Octagon mjini Bath, mji wa matajiri waliokwenda kuoga maji ya moto yatokayo ardhini. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kipato cha kutosha.

Kaka na dada

Caroline, aliyezaliwa mwaka 1750, alikuwa amebaki Hanover. Homa kali ya utotoni ilimzuia kukua, na mama yake aliona kwamba kazi iliyomfaa ni ya jikoni tu. Mwaka 1772 William alimfuata na kumchukua, akikubali kumlipa mama yao fedha za kuajiri mtumishi mahali pa binti huyo. Caroline alifundishwa kuimba, hesabu na Kiingereza, akawa mwimbaji anayesifiwa mjini Bath. Lakini nyumba aliyofikia ilikuwa inabadilika kuwa karakana.

Tangu mwaka 1773 William alikuwa ameshikwa na hamu ya nyota. Darubini kubwa zilikuwa ghali mno, kwa hiyo aliamua kutengeneza zake. Aina aliyoichagua haikutegemea lenzi bali kioo cha madini: shaba na bati huyeyushwa pamoja, humiminwa katika kalibu, kisha bonge hilo husuguliwa siku nyingi hadi lipate mbonyeo kamili wa kukusanya mwanga wa nyota mahali pamoja. Ukiacha kusugua kabla ya wakati, uso huharibika. Mara moja alisugua kwa saa 16 mfululizo, na Caroline akawa anamlisha tonge kinywani na kumsomea vitabu. Kalibu walizifinyanga kwa samadi ya farasi iliyotwangwa na kuchekechwa. Mwaka 1781, katika kujaribu kutengeneza kioo kikubwa zaidi, madini yaliyoyeyuka yalivuja na kutiririka juu ya sakafu ya mawe, na mawe yakalipuka huku na huku. Waliokuwamo walikimbia kuokoa maisha yao.

Usiku wa tarehe 13 Machi mwaka huohuo, akiwa katika bustani ya nyumba yake mjini Bath, Herschel aliona nyota iliyoonekana kama kisahani kidogo, si kama nukta. Mwanzoni alidhani ni kimondo chenye mkia. Hesabu za wataalamu wa Ulaya zilionyesha kuwa ni sayari, ya kwanza kugunduliwa tangu mwanadamu aanze kuandika, nayo leo huitwa Uranus. Mwaka uliofuata Mfalme George III alimpa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Kinanda kikanyamaza, na ndugu hao wawili wakahamia karibu na kasri la Windsor. Mwaka 1787 Caroline naye aliwekewa mshahara wake wa pauni 50 kwa kazi ya msaidizi. Kwa jitihada zake mwenyewe aligundua vimondo vinane vyenye mkia.

Weupe unaopungua

Umaarufu wa Uranus umeifunika kazi nyingine aliyoifanya katika miaka hiyohiyo. Kati ya mwaka 1777 na 1783, kila Mirihi ilipoikaribia dunia, Herschel aliichora. Si yeye wa kwanza kuona weupe wa nchani; Giovanni Domenico Cassini, Christiaan Huygens na Giacomo Maraldi walikuwa wameuona kabla yake. Tofauti ni kwamba yeye alitaka kujua tabia yake.

Kwanza alitumia madoa ya sayari kupima muda inaochukua kujizungusha. Alipata saa 24, dakika 39 na sekunde 21. Kipimo cha leo ni saa 24, dakika 37 na sekunde 22. Pili, alipima mwinamo wa mhimili wake, akapata karibu nyuzi 29. Leo tunajua ni nyuzi 25, na mwinamo wa dunia yetu ni nyuzi 23 na nusu. Maana ya namba hizo ilikuwa kubwa. Sayari iliyoinama namna hiyo lazima iwe na majira: ncha moja huelekea jua wakati nyingine imo gizani, kisha hubadilishana. Na kwa kuwa mwaka wa Mirihi ni karibu miaka miwili yetu, kila msimu hudumu takriban mara mbili ya msimu wa kwetu.

Hapo ndipo alipoutazama tena weupe. Mwaka 1781 doa la ncha ya kusini lilikuwa kubwa mno, na hesabu zake zilionyesha kuwa ncha hiyo ilikuwa imetoka muda si mrefu katika giza la miezi 12. Mwaka 1783, baada ya jua kuiangaza kwa miezi mingi, doa lilikuwa dogo, na liliendelea kupungua kuanzia Mei hadi katikati ya Septemba. Mchanga haupungui kwa jua, wala chumvi haiongezeki kwa giza. Kitu kinachoenea wakati wa baridi na kurudi nyuma wakati wa joto ni theluji na barafu. Mnamo Machi 1784 hoja hiyo ilisomwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London.

Ilikuwa hoja nzuri, lakini msingi wake ulikuwa ulinganisho: jambo linalotokea duniani limeonekana kutokea pia Mirihi. Ulinganisho huohuo ulimpeleka Herschel mahali pengine ambapo hakupaswa kwenda. Aliamini kwamba Mirihi, Mwezi, na hata Jua lenyewe chini ya mawingu yake yang'aayo, vina wakazi. Njia moja ilimfikisha kwenye ukweli na kwenye kosa, na yeye hakuwa na kipimo cha kumwonyesha lipi ni lipi.

Joto lisiloonekana

Mwaka 1789 alikamilisha darubini yenye bomba la urefu wa mita 12 na kioo cha upana wa sentimita 120, kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Huo ulikuwa muda mfupi tu kabla ya Wareno kujenga ngome ya São João Baptista kisiwani Ibo, mnamo 1791. Alikwisha kuoa mjane aitwaye Mary Pitt, na mwaka 1792 wakapata mtoto wao wa pekee, John, ambaye naye baadaye alichora nyota za kusini akiwa Afrika, kwenye Rasi ya Tumaini Jema.

Kisha ukaja mwaka 1800. Herschel alikuwa akilichunguza jua kupitia vioo vya rangi, ili asiunguze macho. Aligundua kwamba baadhi ya vioo vilipitisha mwanga mdogo lakini joto jingi, na vingine kinyume chake. Akajiuliza kama kila rangi ina joto lake. Aliupitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo chenye pande tatu, ukatandazwa mezani kama upinde wa mvua, na akaweka kipimajoto katika kila rangi. Joto lilipanda kidogo kwenye urujuani, zaidi kwenye kijani, zaidi tena kwenye nyekundu. Ndipo akakisogeza kipimajoto nje ya nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote wa kuonekana. Kipimajoto kikapanda zaidi.

Jua, basi, lilikuwa likitoa mionzi ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Leo tunaiita mionzi ya infraredi, yaani iliyo chini ya nyekundu, nayo imo hadi ndani ya rimoti ya televisheni. Herschel aliichunguza kama jambo la joto na la jua. Hapakuwa na sababu ya yeye kuihusisha na zile kofia nyeupe za Mirihi.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1822 huko Slough, akiwa na miaka 83, na akazikwa katika kanisa la karibu la Upton. Caroline alirejea Hanover, akaikamilisha orodha kubwa ya mawingu ya nyota waliyoyaona pamoja, na mwaka 1828 akatunukiwa nishani ya dhahabu na chama cha wanafalaki cha London. Alifariki mwaka 1848 akiwa na miaka 97.

Kukanushwa na kurudishiwa haki

Kwa muda mrefu vitabu vilikubaliana na Herschel. Kisha, mwaka 1965, chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kuonyesha kwamba hewa yake ni nyembamba mno, chini ya mia moja ya hewa yetu. Wataalamu walipiga hesabu wakaona kwamba ncha zake ni baridi kiasi cha kuigandisha hata hewa ya kaboni dioksidi, na mwaka 1969 vipimo vya Mariner 7 viliunga mkono jambo hilo. Weupe unaoenea na kupungua kwa majira ulikuwa hewa iliyoganda, si maji. Ilionekana kana kwamba mwanamuziki wa Hanover alikuwa amehadaiwa, kama baharia aliyedhani povu ni tanga.

Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Katikati ya miaka ya 1970 vyombo vya Viking viligundua kwamba kiangazi kinapofika ncha ya kaskazini, kaboni dioksidi yote huyeyukia hewani na kuacha kofia ndogo isiyoondoka. Hiyo ni barafu ya maji. Mwaka 2002 chombo cha Mars Odyssey kilipima chembe zinazorushwa kutoka ardhini, kikakuta dalili ya haidrojeni nyingi, yaani barafu iliyofukiwa chini ya udongo katika maeneo mapana. Na mwaka 2004 ilikuwa zamu ya ncha ya kusini, ileile aliyoichunguza Herschel. Chombo cha Ulaya, Mars Express, kiliitazama kwa kifaa kiitwacho OMEGA, kinachopima mionzi ya infraredi.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Kwa jicho, barafu ya maji, kaboni dioksidi iliyoganda na chumvi vyote ni vyeupe. Kwa infraredi havifanani hata kidogo, kwa sababu kila kimoja humeza sehemu yake ya mionzi na kurudisha iliyobaki. Kifaa husoma palipomezwa, kama mtu anavyomtambua mwenzake kwa alama ya kidole. OMEGA ilisoma alama zote mbili huko kusini, ya kaboni dioksidi na ya maji. Jibu la swali la mwaka 1784 lilipatikana kwa mionzi iliyogunduliwa mwaka 1800 na mtu yuleyule aliyeuliza.

Mengine yamefuata. Mwaka 2008 roboti ya Phoenix ilichimba mtaro mdogo karibu na ncha ya kaskazini, ikafukua vibonge vyeupe vilivyotoweka katika siku nne, na kisha ikapasha moto sampuli ya udongo hadi mvuke wa maji ukatoka. Desemba 2018 ilichapishwa picha ya bonde la duara la Korolev, lenye upana wa kilomita 82, takriban mwendo wa barabara kati ya Mocímboa da Praia na Palma, likiwa limejaa barafu yenye kina cha karibu kilomita mbili. Msomaji anayezipata picha kama hizo kwenye simu yake akumbuke jambo moja: baadhi huonyesha barafu kwa buluu kali, na buluu hiyo mara nyingi huwekwa na wataalamu ili kile kilichopimwa kwa mionzi isiyoonekana kiweze kuonekana na sisi. Si uongo, ila si rangi ambayo mtu angeiona kama angesimama pale.

Juni 2024 lilitangazwa lililowashangaza hata wataalamu. Vyombo vya Ulaya vilionyesha sakitu, yaani umande ulioganda, juu ya vilele vya milima ya volkano iliyo karibu na ikweta ya Mirihi. Ni nyembamba kuliko unywele, hutokea alfajiri katika msimu wa baridi na kutoweka jua likipanda, lakini kwa jumla ni maji ya tani zipatazo 150,000. Afrika Mashariki ina kisa kinachofanana. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, karibu na ikweta, wapo wanajiografia wa London waliokataa kusadiki. Wachaga waliokaa chini ya mlima hawakuwa na la kubishana.

Mirihi huikaribia dunia kila baada ya miezi 26 hivi. Itafanya hivyo tena Februari 2027, na jioni hizo, mvua za kaskazi zikitoa nafasi, itachomoza mashariki juu ya bahari mara jua linapotua. Kwa macho itakuwa nukta nyekundu tulivu, isiyometameta kama nyota. Kofia yake nyeupe haitaonekana bila darubini, lakini itakuwapo, ikikua na kupungua kwa majira kama ilivyofanya mbele ya mpiga zumari wa Hanover.